Kabla ya Tiketi ya India

Ujumbe uliingia kwenye kundi la familia saa tano usiku. Ulikuwa mrefu, una dua mwanzo na dua mwisho, lakini macho ya kila mtu yalitua pale penye tarakimu: shilingi milioni 38. Mama mdogo amekutwa na saratani ya mfuko wa nyongo, hatua ya nne, na ini limeshaguswa. Binamu yetu aliyeko Muscat alikuwa ameshaongea na wakala wa hospitali fulani ya India. Picha za CT-Scan zilitumwa kwa simu, na jibu likarudi ndani ya saa mbili: aje haraka. Kulipopambazuka, ahadi zilishafika milioni sita. Kundi lina watu arobaini na moja, na hakuna aliyeuliza anakwenda kufanyiwa nini huko. Hata mimi sikuuliza. Niliahidi laki tatu, nikaandika Amin.

Mimi si daktari, na hakuna mstari humu unaoweza kukaa kwenye kiti cha daktari anayemwona mgonjwa wako. Ila baada ya usiku ule nilizisoma tafiti zenyewe, moja baada ya nyingine, na nina jambo la kusema. Saratani hii ikishasambaa, sehemu kubwa ya nafuu iliyothibitishwa inatokana na vitu vya zamani ambavyo bei yake inahimilika. Familia nyingi huvipita mbio vitu hivyo, zikikimbilia dawa ambazo kwa ugonjwa huu hasa hazijaonyesha mengi.

Mfuko wa nyongo umejibanza chini ya ini, mdogo, unazidi kidole kwa urefu kidogo tu, kazi yake kuitunza nyongo mpaka mtu ale mafuta. Ukuta wake ni mwembamba, una upungufu wa tabaka moja ambalo utumbo unalo, na upande mmoja umeshikamana na ini moja kwa moja. Saratani ikianza mle ndani haina safari ndefu. Tena haina makelele: maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa gesi, chakula kukinaisha. Mama mdogo alimeza dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi minne, akibadilishiwa vidonge vyekundu kwa vya njano, kwenye kituo ambacho hakikuwahi hata siku moja kumpiga altrasaundi.

Duniani hugundulika wagonjwa zaidi ya 120,000 kwa mwaka, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na wamejaa sehemu chache: kaskazini mwa India kwenye bonde la mto Ganges, Chile, Bolivia, na baadhi ya nchi za Asia Mashariki. Wengi wao wana vijiwe vya nyongo, ingawa wenye vijiwe walio wengi hawapati saratani maisha yao yote. Chile, tangu 2006, inawahakikishia watu wa miaka 35 hadi 49 wenye vijiwe upasuaji wa kuutoa mfuko kabla haujaharibika. Kwetu ugonjwa huu ni mgeni, na mgeni huyu hutukuta hatuna hata maneno ya kumwelezea.

Swali la kwanza la mjomba lilikuwa lile la wote: kwa nini wasiukate? Daktari alimjibu kwa upole. "Mzee wangu, ugonjwa ungekuwa bado nyumbani kwake ningeukata. Lakini umeshahama, umepanga vyumba viwili kwenye ini." Sijapata kusikia maelezo yaliyo sahihi zaidi ya hayo. Saratani ikishatua kwenye ini kwa mtawanyiko, kuutoa mfuko hakuongezi maisha; kunachukua wiki za kuuguza kidonda, wiki ambazo mgonjwa angekuwa ameshaanza dawa. Upasuaji unabaki kwa shida mahususi, kwa mfano uvimbe ukiziba njia ya chakula kutoka tumboni. Wapo pia wachache ambao ugonjwa wao umekwama pale jirani tu, haujaruka mbali, na dawa zikiupunguza wanaweza kurudi kujadiliwa na wapasuaji. Daktari akisema mgonjwa wako si mmoja wao, kumtafuta mwingine atakayekubali kumpasua si ushujaa.

Sasa njano. Hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo niliona muda ukipotea bure.

Uvimbe ukiubana mrija, nyongo inakosa njia na kurudi kwenye damu. Macho yanakuwa ya njano, mkojo unageuka rangi ya Coca-Cola, choo kinapauka kama udongo wa mfinyanzi. Halafu mwasho. Mama mdogo alikuwa akijikuna mgongo kwa kigunzi cha muhindi usiku kucha, na asubuhi shuka lina matone ya damu. Watu walisema nyongo imepasuka, wakamletea mizizi ya kuchemsha. Wakala wa India naye alisema atashughulikiwa akifika. Kati ya mizizi na wakala, bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo inayopimwa kwenye damu, ilikuwa inapanda.

Na bilirubini ikiwa juu, kemo, yaani dawa za dripu za kuua saratani, haianzi. Ini lililoelemewa na nyongo huzidisha hatari ya madhara ya dawa hizi, na hata utafiti mkuu wa Uingereza nitakaouelezea haukumpokea mtu ambaye bilirubini yake ilizidi mara moja na nusu ya kikomo cha kawaida. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya matibabu, kabla ya jina la dawa yoyote, ni kuifungulia nyongo njia. Njia ni mbili. Moja ni ERCP: kamera inapitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, na mrija mdogo unachomekwa palipobana. Nyingine ni kupita mbavuni kwa sindano inayoongozwa na picha, nyongo ikatoka kwa mrija hadi kwenye mfuko wa nje au ikasukumiwa ndani. Kizuizi kikiwa juu, pale mirija inapotokea kwenye ini, mara nyingi hii ya pili ndiyo hufika. Muhimbili, tangu 2018, imekuwa ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale kufundisha madaktari wa tiba hii ya kuongozwa na picha, na kuondoa nyongo iliyokwama ni miongoni mwa kazi zao. Hii haihitaji pasipoti.

Uliza pia mrija umetengenezwa kwa kitu gani. Wa plastiki ni rahisi lakini huziba, mara nyingi kama baada ya miezi mitatu. Wa chuma hugharimu zaidi ila hudumu. Mtu anayetarajiwa kupita miezi mitatu, wa chuma humwepusha kurudia. Na ukishawekwa, kila mtu nyumbani, mpaka mtoto wa darasa la tano, ajue hili: homa ya kutetemeka kwa mtu mwenye mrija wa nyongo si malaria ya kusubiri asubuhi. Ni usaha kwenye njia ya nyongo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ni hospitali usiku huohuo.

Baada ya nyongo kushuka, ndipo tunafika kwenye dawa, na mimi huwa naurudia mwaka mmoja: 2010. Mwaka huo zilitoka tafiti tatu ambazo, ukiziweka pamoja, ni karibu nusu ya yote tunayoyajua kuhusu namna ya kumsaidia mgonjwa wa aina hii. Hakuna hata moja kati yake iliyotumia dawa ya ajabu.

Ya kwanza ni ya Uingereza, ABC-02. Wagonjwa 410 wa saratani za njia ya nyongo, zaidi ya theluthi yao wakiwa na ya mfuko wenyewe. Kundi moja lilipewa gemsitabini pekee, jingine gemsitabini na sisplatini. Waliopata dawa moja, nusu yao walikuwa hai baada ya miezi 8.1; waliopata mbili, miezi 11.7. Nasisitiza neno nusu. Namba hiyo si tarehe ya mtu kufa, maana nusu nyingine waliivuka, wengine kwa mbali. Tangu hapo jozi hiyo ndiyo msingi duniani kote, Dar es Salaam na Delhi, London na Seoul.

Ya pili inanigusa zaidi, kwa sababu imetoka kulekule tunakotaka kukimbilia. Madaktari wa AIIMS, hospitali kubwa ya serikali na ya mafunzo huko Delhi, walichukua wagonjwa 81 wa saratani ya mfuko wa nyongo tu, isiyoweza kupasuliwa. Waliopewa huduma ya kutuliza peke yake, nusu walifika miezi 4.5. Waliopewa kemo ya zamani ya 5-FU, miezi 4.6, yaani kazi bure. Waliopewa gemsitabini na okzaliplatini walifika miezi 9.5. Mara mbili. Miaka kadhaa baadaye kundi hilohilo lilipambanisha jozi hiyo na ile ya Waingereza kwa wagonjwa 243, zikakaribiana sana. Maana yake ni kwamba India yenyewe, yenye wagonjwa wa mfuko wa nyongo kuliko karibu nchi yoyote, ilionyesha kwamba kinachofanya kazi ni dawa mbili ambazo haki zake za uvumbuzi zimekwisha na viwanda vingi vinazitengeneza. Sisplatini ilianza kutumika Marekani 1978. Ocean Road, hospitali yetu ya saratani pale ufukweni Dar es Salaam, haiwezi kushangaa ukiitaja.

Ratiba yake ni ya kuchosha kuliko ya kutisha. Dripu siku ya kwanza na siku ya nane, wiki ya tatu kupumzika, kisha unaanza tena, mizunguko hadi minane. Hesabu: safari 16 kwa karibu miezi sita. Sisplatini hupelekwa na maji mengi ya dripu kuzilinda figo, kwa hiyo siku ya dawa ni siku nzima ya kukaa kwenye kiti. Damu hupimwa kila mara; chembe zikishuka dawa inasogezwa mbele. Kwa anayetoka Tanga au Kigoma, gharama inayomla polepole ni nauli, chumba, na mtu wa kumsindikiza. Hakuna anayefungua kundi la michango kwa ajili ya nauli za basi, na ndiyo maana watu huacha dawa kwenye mzunguko wa tatu.

Ukweli wa upande mwingine: tafiti hizi zilichukua watu wanaojiweza, wanaotoka kitandani zaidi ya nusu ya saa za mchana. Mgonjwa asiyeinuka, aliyekonda, mwenye figo mbovu, anaweza kudhurika na kemo kuliko kunufaika. Daktari anayesema "tusimpe" huenda ndiye anayemhurumia kweli.

Kisha kuna dawa mpya, zile zilizotajwa kwenye barua ya wakala. Ni dawa za kuamsha kinga ya mwili. Mwaka 2022 utafiti wa TOPAZ-1, wenye wagonjwa 685, uliongeza durvalumabu juu ya ile jozi: nusu walifika miezi 12.8 badala ya 11.5. Mwaka uliofuata KEYNOTE-966, wagonjwa 1,069, wakaongeza pembrolizumabu: 12.7 badala ya 10.9. Ongezeko la wiki kadhaa kwa mtu wa kati, lakini pia lina mkia: katika TOPAZ-1 karibu robo ya waliopata dawa mpya walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka miwili, dhidi ya kumi hivi kwa mia kwa wengine. Mkia huo si wa kudharauliwa, na mtu mwenye bima inayolipa asione haya kuutafuta.

Ila fungua jedwali la ndani. Watafiti hutumia kipimo ambacho 1 maana yake hakuna tofauti, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo dawa inavyosaidia. Kwa wagonjwa wote TOPAZ-1 ilipata 0.80. Kwa wenye saratani ya mfuko wa nyongo peke yao, 0.94. KEYNOTE-966 ilipata 0.83 kwa wote, na 0.96 kwa wa mfuko wa nyongo. Mtaalamu wa takwimu atanikaripia, na kwa haki: makundi haya madogo hayakuundwa kujibu swali hilo, na miongozo bado inazipendekeza dawa hizi kwa saratani zote za njia ya nyongo. Nalikubali karipio. Lakini familia inayouza shamba ili ilipie mamilioni kila baada ya wiki tatu ina haki ya kuiona 0.94 kabla ya kusaini, na mimi sijaona wakala hata mmoja aliyeitaja.

Ningekuwa na fedha ya kitu kimoja cha ziada, ningeiweka kwenye kinyama. Kile kipande kilichokatwa kuthibitisha saratani huhifadhiwa kwenye nta, na kinaweza kupimwa zaidi. Uliza HER2. Ni protini ileile inayopimwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti, na kati ya saratani zote za njia ya nyongo, ya mfuko ndiyo inayoibeba mara nyingi zaidi, kadiri ya watu 10 hadi 20 kwa kila mia. Kwa hao mambo yanabadilika. Marekani, Novemba 2024, iliidhinisha zanidatamabu kwa wenye HER2 ya juu. Katika utafiti wake, kati ya wagonjwa 80 waliokwisha kupita kemo, uvimbe ulisinyaa kwa 41 kwa mia. Hiyo kwetu ni hadithi ya mbali. Trastuzumabu si hadithi: imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, ina nakala zake za bei nafuu, na wodi za saratani ya matiti zinaijua. Wakorea waliijaribu pamoja na kemo ya pili kwa wagonjwa 34, uvimbe ukasinyaa kwa karibu theluthi. Wahindi wakaiongeza kwenye gemsitabini na sisplatini tangu mwanzo kwa wagonjwa 90, wengi wao kabisa wa mfuko wa nyongo, na baada ya miezi sita robo tatu ugonjwa ulikuwa haujasonga. Tafiti zote mbili hazikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusizipigie vigelegele mapema. Lakini jambo hili ni la ugonjwa huu hasa, na kinachosafiri ni kipande cha nta kwenye bahasha. Mgonjwa anabaki kitandani kwake.

Kemo ya kwanza ikishindwa, ipo ya pili, FOLFOX, na utafiti wa ABC-06 wa mwaka 2021 ulionyesha ilivyo: baada ya mwaka mmoja walikuwa hai 26 kwa mia, dhidi ya 11 kwa wasioipata. Ni nafuu ndogo, wala haimfai kila mtu. Na kuongeza dawa juu ya dawa si dawa. Wamarekani waliweka kemo ya tatu juu ya ile jozi kwa wagonjwa zaidi ya 400, wakaambulia madhara mengi na tofauti isiyoonekana.

Utafiti wa tatu wa 2010 nimeuacha makusudi. Ulifanyika Boston, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu, si ya nyongo, na dawa iliyojaribiwa haikuwa dawa. Nusu walianza kuonana na timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya mgonjwa, mara tu walipogunduliwa. Wengine walisubiri, wakaonana nayo pale tu ilipoombwa. Waliowahi waliishi miezi 11.6, waliosubiri 8.9, na waliowahi walipata kemo ya mwishoni pungufu kuliko wenzao, si nyingi zaidi. Sitadai kwamba itatokea hivyohivyo kwa mfuko wa nyongo. Ninachojua ni kwamba kwetu tiba shufaa huitwa siku ambayo padri au shehe naye anaitwa.

Na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Shangazi mmoja, muuguzi mstaafu, alisema wazi kwenye kundi: "Wakimpa hiyo mjue wameshamkatia tamaa." Waganda walishaliacha wazo hilo zamani. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa 1993 na Daktari Anne Merriman, ilianza kuchanganya unga wa mofini na maji safi, ikanywewa nyumbani kwa mgonjwa, chupa zikitofautishwa kwa rangi. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa kuiandika wenyewe, wasingoje daktari. Maumivu ya saratani hii huchoma mpaka mgongoni. Paracetamol inayaangalia tu. Mgonjwa akipata mofini kwa saa, pamoja na dawa ya kulainisha choo (hiyo husahaulika, kisha mofini ndiyo inalaumiwa), analala. Akilala anakula. Akila anafika kwenye mzunguko wa nne.

Sisemi mtu asiende India. Asiye na ERCP wala sindano ya mbavuni karibu naye, aende popote penye kitu hicho, hata nje ya nchi. Mwenye HER2 iliyothibitishwa na mahali pa kutibiwa, aende. Ninachokataa ni tiketi inayokatwa kabla ya swali. Familia ingeandika kwenye karatasi: nyongo imefunguliwa? Kinyama kimepimwa nini? Jina la dawa ni lipi, na hapa haipo? Wakala akishindwa la tatu, basi tumejua.

Kwetu swali liliulizwa na mgonjwa mwenyewe. Alimpigia binamu wa Muscat, akamwambia, "Mwanangu, huko wananipa dripu gani ambayo hapa hawana?" Binamu akasema atauliza. Wiki mbili baadaye mama mdogo aliwekewa mrija wa chuma, njano ikashuka, kigunzi kikatupwa jalalani. Kinyama kilitumwa Nairobi kupimwa HER2. Jibu lilirudi hasi, tukanyamaza siku nzima. Yupo kwenye mzunguko wa sita. Nywele zimepungua, vidole vinamfa ganzi, na juzi alimkaripia mkwewe kwa kuunguza nazi.

Katibu wa kundi alituma hesabu jana. Mrija na kulazwa. Vipimo. Nauli Tanga–Dar watu wawili, mara kumi na mbili. Chumba Ilala miezi minne. Feni moja. Salio milioni sita na laki mbili. Chini yake ameandika: mnasemaje ndugu, turudishiane au tungoje?